Adabu Bila Adhabu: Jinsi Watu Walivyojifunza Kumfunza Mbwa kwa Upole

Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: adabu na adhabu. Kwa Kiarabu asili zake ni mbili mbalimbali kabisa, lakini midomoni mwetu yameshaoana. Hapa Pemba mtu akisema "mtie adabu huyo," hakuna anayedhani mtoto anakwenda kufundishwa namna ya kuamkia wakubwa. Watu wanatazama bakora iko wapi. Na kama kwa mtoto ni hivyo, mbwa atarajie nini?

Mimi ni mwandishi wa habari, na mbwa walinijia kwa mlango wa ugonjwa. Ukiandika kuhusu kichaa cha mbwa katika kisiwa hiki, haichukui muda kugundua kwamba chanjo ipo, sindano ipo, bwana mifugo yupo. Kazi iko kwenye kumshika mbwa mwenyewe. Nikaanza kuuliza: kumbe duniani kuna watu ambao kazi yao ni kumfanya mbwa akubali mkono wa mtu bila kumpiga. Watu hao walitoka wapi? Nani aliwafunza wao?

Nilichokikuta kwenye historia si kile nilichokitarajia. Nilidhani ni hadithi ya watu wenye huruma waliowashinda watu wakali. Huruma imo, sikatai. Lakini mara nyingi watu waliiacha fimbo kwa sababu walijikuta mbele ya mnyama ambaye fimbo haimfiki.

Hebu tuanzie nyumbani. Watu wengi husema Waislamu wa pwani hawana habari na mbwa ila kumkimbia. Mate yake ni najisi katika madhehebu ya Shafii, chombo alichokilamba huoshwa mara saba na moja kati ya hizo ni kwa udongo, na methali inatuonya kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Yote kweli. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Suratul Maida, katika aya yake ya nne, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na inasema kuwa elimu ya kuwafunza imetoka kwa Mwenyezi Mungu.

Mafakihi nao wakauliza swali ambalo mwanasayansi wa leo angelipenda: tutajuaje kwamba mbwa huyu kweli amefunzwa? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, analijibu katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Mbwa akitumwa, aende. Akikatazwa, akatazike. Akikamata windo, alishike bila kulila. Na mambo hayo yajirudie, mpaka mtu aridhike kuwa mbwa ameshika adabu. Neno analolitumia hapo limetoka kwenye mzizi ule ule wa adabu yetu. Ndiyo mzizi huo huo, msomaji mpenda vitabu, ambao Waarabu wameutumia kuitia jina fasihi.

Tazama anachokipima. Hamuulizi mbwa ana moyo gani, wala ametoka kwenye ukoo gani. Anatazama anachofanya, na kama anakifanya tena na tena. Hiyo ndiyo tabia, kitu kinachoonekana na kuhesabika. Kabla yake, Basra ilikuwa na Al-Jahiz, aliyemjadili mbwa kwa kurasa nyingi katika kitabu chake cha wanyama karne ya 9, na Baghdad ilikuwa na Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, ambaye aliandika kitabu kizima cha kuonesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Kwa hiyo mbwa mwenye adabu si mgeni kwenye maktaba zetu. Ila sharti la Nawawi linatueleza mwisho wa safari tu: mbwa aliyefunzwa awe vipi. Njia ya kumfikisha hapo limewaachia wenye mbwa.

Na wenye mbwa, kwa muda mrefu, walijua njia moja. Mwaka 1910 ofisa wa polisi wa Ujerumani, Konrad Most, alichapisha mwongozo wa kufunza mbwa uliotumika kwa miongo mingi. Most hakuwa mjinga. Alifahamu kwamba mbwa haelewi hotuba, na kwamba malipo au maumivu yakichelewa hayafundishi kitu. Lakini njia yake kuu ilikuwa kulazimisha: kamba ya shingoni, mvuto, kiboko. Baada ya vita, mbinu za majeshi na polisi zikaingia majumbani. Mwaka 1962 Mmarekani William Koehler alitoa kitabu kilichouzwa sana, nacho kilisimama juu ya msingi ule ule: mbwa apate kujua kwamba kukosea kunauma.

Fimbo ikapewa na hoja ya kisayansi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, jinsi walivyogombania ukubwa. Mwaka 1970 L. David Mech, mtafiti wa Marekani, akalieneza wazo hilo katika kitabu chake. Watu wakasema: basi, mbwa wa nyumbani naye anataka kukutawala, mtawale wewe kwanza. Halafu Mech mwenyewe akaenda kuwatazama mbwa mwitu porini, mwaka baada ya mwaka. Alichokiona ni familia: baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akachapisha makala ya kulikosoa wazo la mtawala wa kundi. Ukiwafungia wageni pamoja kwenye ua, wakapigana, hujajifunza namna familia inavyoishi. Umejifunza namna jela inavyoishi.

Sasa tuje kwenye ile sehemu ambako fimbo haifiki. Miaka ya 1930 B. F. Skinner alikuwa anapima, kwa panya na baadaye njiwa, jinsi tendo linalofuatiwa na chakula linavyozidi kutendwa. Wawili katika wanafunzi wake, Marian Breland na mumewe Keller, waliacha chuo miaka ya 1940 wakafungua biashara ya kufunza wanyama kwa njia hiyo: kuku wa matangazo, nguruwe, sungura. Mtu humpiga kuku kwa faida gani? Ukimtisha anaruka, na kazi imekwisha. Wakalazimika kutazama kwa makini, na kulipa haraka kila kuku anaposogea kidogo kuelekea kwenye kile wanachokitaka.

Nao hawakudai kuwa njia hiyo inaweza yote. Mwaka 1961 waliandika makala kuhusu kushindwa kwao. Nguruwe aliyefunzwa kupeleka sarafu za mbao kwenye kibubu aliendelea vizuri, kisha siku zikienda akaanza kuzidondosha njiani na kuzifukua kwa pua. Mkulima yeyote wa Pemba aliyewahi kukuta shamba lake la muhogo limechimbuliwa usiku angewaambia bure: nguruwe ni nguruwe. Mnyama haji darasani mtupu, huja na maumbile yake.

Kutoka kwa kuku njia hiyo ikaingia baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Hawaii, Karen Pryor alikabidhiwa kufunza pomboo wa maonesho. Alikuwa amewahi kufunza farasi wadogo, basi. Lakini pomboo hafungwi hatamu wala hachapwi bakora. Akichukia anapiga mkia na kwenda upande wa pili wa bwawa, na wewe umesimama ukingoni na ndoo yako ya samaki. Mkono wa mwalimu pale ulikuwa na kipenga na samaki tu. Kipenga kinalia sekunde ile ile pomboo anaporuka, kumwambia "hilo hasa," samaki anafuata baadaye. Mwaka 1984 Pryor akatoa kitabu cha kueleza kuwa kanuni hiyo inafaa kwa mbwa, paka, hata mume. Miaka ya 1990 wafunza mbwa wengi wakakishika kile kidude kidogo kinacholia "tik," kazi yake ikiwa ile ile ya kipenga.

Najua kuna msomaji anayesema: si hongo hiyo? Hapana. Hongo hutolewa kabla, ili mtu afanye. Huu ni ujira, unakuja baada ya kazi. Kibarua wa karafuu analipwa kwa alichochuma, na hakuna anayesema amehongwa.

Ikiwa unaona haya ni mambo ya Hawaii, vuka bahari uende Morogoro. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wakufunzi wengi ni Watanzania. Panya anachukuliwa akiwa mdogo, anazoeshwa mikono, kelele na magari. Kisha anajifunza kuwa "tik" maana yake chakula kinakuja. Kisha harufu ya baruti. Inachukua kama miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na kabla ya kustaafu mwaka 2021 alikuwa ameshagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Wenzake hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu.

Fikiria jambo hili lilivyo. Panya ni mnyama tunayempiga ufagio kabla ya kufikiri. Mkufunzi wa Morogoro naye amekulia nyumba zile zile zenye mitego na sumu. Kilichombadilisha ni kazi yenyewe: panya aliyetishwa hanusi, na panya asiyenusa sawasawa anamwacha mtu akanyage bomu. Kaskazini, Usa River karibu na Arusha, kuanzia mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limefunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru, pamoja na askari wa wanyamapori wa kuwaongoza, na mlango ni ule ule. Mbwa anatafuta pembe kwa sababu akiipata mchezo unaanza, anarushiwa mpira. Huwezi kumchapa mbwa mpaka akatamani kunusa.

Na Pemba je? Huku hatuna chuo wala kidude cha "tik." Tuna mbwa wa shamba na wa wasasi, na kuna ambao mwenye mbwa hajawahi kuwagusa, kwa ajili ya udhu. Mbwa wa namna hiyo anamjua bwana wake kwa sauti na kwa jiwe.

Kampeni za kuwachanja mbwa kisiwa kizima zilianza mwaka 2010, ndani ya mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Lengo linalotajwa popote duniani ni asilimia 70 ya mbwa, kwa sababu hapo ugonjwa hukosa pa kuruka. Mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilitoweka Pemba. Mwaka 2016 kikarudi, na watu wakafa tena. Watafiti waliosoma vinasaba vya virusi walionesha kuwa ugonjwa uliwahi kuingizwa kutoka sehemu nyingine za Tanzania. Bahari haitukingi, mbwa anapanda chombo kama abiria mwingine. Ilibidi kuchanja tena na tena, shehia kwa shehia, mpaka mwaka 2018 mlipuko ule ukakatika.

Hapo ndipo upole unapoacha kuwa starehe ya watu wa mbali. Mbwa aliyezoea mawe hakamatiki, na asiyekamatika ndiye anayebaki bila chanjo. Huyo mmoja wa kichakani ndiye asilimia inayopungua kwenye hesabu. Ukimtupia jiwe leo, umemfunza kitu: mkono wa mtu ukiinuka, kimbia au uma. Amefunzwa barabara, ila somo ndilo siyo.

Kwenye vituo vya chanjo, nilichokiona ni kwamba wanaowaleta mbwa mara nyingi ni watoto wa kiume, wa miaka kumi, kumi na mbili. Mzee anasimama mbali na kanzu yake safi, akitoa maelekezo. Mtoto mmoja hakuwa hata na kamba ya maana, alikuwa na kipande cha muhogo uliochemshwa. Mbwa akisogea hatua, anapata kijipande. Akitulia, kijipande. Wengine walikuwa wanaburuta wao kwa nguvu na kamba zimewakaza mbwa shingo, huku yeye anaipita foleni. Bwana mifugo akachoma sindano, mbwa akatikisa sikio, wakaenda zao.

Mtoto yule hajamsikia Skinner wala Pryor. Mwili wake mdogo usingeweza kumburuta mbwa yule, kwa hiyo akatafuta njia nyingine, kama wale wa kuku na pomboo. Akirudi nyumbani anaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofunzwa madrasa, na anaswali. Dini yake haijapungua, na mbwa wake ana chanjo. Kama maofisa wetu wa mifugo wanatafuta walimu wa mbwa wa kisiwa hiki kabla ya kampeni ijayo, waanze kwa kuwauliza watoto hao wanafanyaje.