Benzi: historia iliyoshikwa na mafundi

Barabara ya Biryogo iliyopakwa rangi na kupangwa meza za chai haipitishi gari tena. Lakini huu ni mtaa wa Waswahili wa Kigali, na kwa miaka mingi Waislamu wa Rwanda, waliobanwa na elimu iliyokuwa mikononi mwa misheni, walishika biashara, usukani na spana. Ukitaka kuizungumzia Benzi hapa, anza na watu hawa, usianze na wakubwa wa kiti cha nyuma.

Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu mjini Mannheim tarehe 29 Januari 1886. Wateja hawakuliamini. Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliondoka bila kumwambia, pamoja na wanawe wawili, kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipopungua, alinunua ligroini katika duka la dawa la Wiesloch. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akaufunga kwa kamba ya soksi. Breki zikalika, fundi viatu akazipigilia ngozi. Kwangu mimi, kampuni ya Benz ilizaliwa siku hiyo, na fundi wake wa kwanza wa njiani alikuwa mwanamke.

Jina Mercedes lilikuja baadaye, kutoka kwa binti wa Emil Jellinek, mteja mkubwa wa kampuni ya Daimler ya Stuttgart. Daimler na Benz ziliungana Juni 1926.

Huku kwetu Afrika Mashariki gari lilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la kiwanda cha Gaggenau, ambacho mwaka 1910 kilimezwa na Benz. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Vitabu vinamsifu yeye. Waafrika waliolivuta gari lake matopeni na mitoni hawatajwi sana. Mwaka huohuo wa 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha Kigali, na Waswahili waliokuja na Wajerumani kama askari, makarani na wachuuzi wakaweka msingi wa jamii inayoishi Biryogo leo.

Historia hii ina doa lisilofutika. Mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi 63,610 wa Daimler-Benz walikuwa watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za Wanazi.

Baada ya uhuru wa nchi zetu, nyota ya Mercedes ikawa alama ya wenye nchi, hata watu wakawaita Wabenzi. Gari lililojenga heshima kwa mafundi, hata hivyo, ni W123, lililotengenezwa kati ya 1976 na 1986, karibu milioni 2.7. Injini yake ya dizeli hufunguliwa kwa spana za kawaida, bila kompyuta.

Kumbukumbu za kampuni zimetunzwa vizuri katika jumba la makumbusho la Stuttgart lililofunguliwa mwaka 2006. Za madereva na mafundi wetu zimo vichwani mwa wazee. Kijana wa Biryogo, simu unayo mkononi: kaa na mzee wako, mrekodi, andika majina ya magari, njia na mafundi, kabla hajaondoka nayo.