Kila Kitu na Pahali Pake: Desturi ya Nyumba za Wazee Wetu

Hapa Kibua, kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, wazee wetu Wahunde na Wanyanga hawakuwa na kabati wala taa ya stima. Ndani ya nyumba zao kulikuwa giza hata mchana. Ndiyo maana kila kitu kilipewa pahali pake, na mkono ulipajua bila macho. Juu ya mafiga kulikuwa uchaga: mbegu na chumvi vilikaa pale, moshi ukifukuza wadudu na unyevu. Mkuki ulikaa karibu na mlango, jembe likarudi pembeni kila jioni. Mtoto akitumwa kisu, hakuuliza: "Kiko wapi?"

Hata katika hadithi ya Mwindo ya Wanyanga, ambayo Daniel Biebuyck aliiandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee She-Karisi Rureke, shujaa anazaliwa vyombo vyake viko naye tayari: usinga mkono wa kuume, tezo mkono wa kushoto, na mfuko wenye kamba ndani.

Kisha vita vikaja. Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Tangu pale watu wetu wamekimbia mara nyingi, tena usiku. Anayejua pahali pa vitu vyake anavichukua gizani na kutoka. Mwingine anapapasa-papasa, mwisho anatoka mikono mitupu. Sufuria itanunuliwa tena sokoni. Lakini diploma ya mtoto je? Na karte ya uchaguzi? Tangu uandikishaji wa mwaka 2005, hiyo karte ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Ukiipoteza, kila bariyeri inakuwa shida.

Basi turudilie desturi ile, haiombi franga hata moja. Karatasi zote za jamaa ziwe ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, usiingie maji, nao utundikwe pahali pamoja ambapo baba, mama na watoto wote wanapajua. Ufunguo na kibiriti viwe na msumari au kibao chao karibu na mlango. Anayetumia kitu akirudishe mwenyewe, asingoje kesho. Na jioni, mbele ya kulala, mtoto mmoja apite kuangalia. Kesho yake mwingine.

Tukifanya hivi, hata ugomvi utapungua. Maana mara ngapi tumemshitaki mtoto wa jirani kwamba ameiba kisu, kumbe kisu kiko chini ya kitanda chetu?