Kutoka Asidi ya Majimaji hadi Rezini Yenye Vitundu: Historia ya Kichocheo Kimoja, 1935–2003

Kwa miongo mingi viwanda vya kemikali vya Ulaya na Marekani vilitegemea asidi ya salfuriki kuchochea mimenyuko. Asidi hiyo ni kali na bei yake ni nafuu, lakini haitengani kirahisi na zao lake. Mmenyuko ukikamilika, sharti iondolewe ukali kwa alkali, zao lioshwe, na chumvi inayobaki itupwe. Wakati huohuo mabomba na matangi yanaliwa. Haja ya asidi iliyo yabisi, inayoweza kuchujwa kama mchanga, ilitokana na adha hizo.

Mwanzo wake haukuwa katika vichocheo bali katika maji. Mwaka 1935, Adams na Holmes, wanakemia wa maabara ya Teddington, Uingereza, walionyesha kuwa rezini za kutengenezwa zinaweza kubadilishana ioni na maji. Husimuliwa kwamba waling'amua jambo hilo kwa kusaga sahani za gramafoni. Mwaka 1944, Gaetano D'Alelio wa General Electric alipewa hataza ya rezini ya polistirini iliyofungamanishwa kwa divinilibenzini na kupachikwa vikundi vya asidi ya salfoniki.

Kwa hiyo asidi yabisi ilikwisha kupatikana. Mbona basi haikuenea upesi viwandani? Jibu limo katika umbile lake. Rezini ya D'Alelio ilikuwa jeli: ndani ya maji huvimba, na molekuli hupenya hadi kwenye asidi. Katika vimiminika visivyo na maji, hasa vya jamii ya petroli, haivimbi ipasavyo, na sehemu kubwa ya asidi yake hubaki imefungiwa ndani. Ufumbuzi ulitoka katika kampuni ya Rohm and Haas. Stirini na divinilibenzini ziliunganishwa zikiwa ndani ya kimiminika kinachoziyeyusha zenyewe lakini kisichovimbisha polima inayozaliwa. Polima hujitenga, kimiminika huondolewa, na mahali pake hubaki vitundu vya kudumu, rezini iwe imelowa au imekauka. Mwaka 1962 Robert Kunin na wenzake walichapisha sifa za Amberlyst 15, yenye eneo la ndani la takriban mita za mraba 50 kwa kila gramu. Wanaohesabu historia hii kwa hataza ya 1944 pekee wanapuuza kwamba bila vitundu asidi hiyo isingefikiwa.

Udhaifu ulibaki: joto likizidi takriban nyuzi 120 za Selsiasi, vikundi vya asidi huanza kung'oka.

Soko kubwa lilikuja pale risasi ilipoanza kuondolewa katika petroli. Rezini hizi huunganisha methanoli na isobutini kuwa MTBE, kiungo cha kuinua kiwango cha okteni. Tena huichagua isobutini na kuwaacha ndugu zake wanyoofu. Kiwanda cha kwanza kilianza Italia mwaka 1973. Hata hivyo, MTBE huyeyuka katika maji na husafiri mbali ardhini. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vilivyochafuliwa, na jimbo hilo likaipiga marufuku kufikia mwisho wa 2003.

Marufuku hayo yaliihusu MTBE, si rezini. Baadhi ya viwanda viligeuzwa kuunganisha isobutini yenyewe kwa yenyewe, na barani Ulaya vingine vikatumia ethanoli badala ya methanoli, kwa kichocheo cha aina ileile.