Masikio manne yanayobeba skrini za mashine za michezo

KIJANA wa Arusha aliyependa michezo ya video katika miaka ya 2000, kwa kawaida hakuikuta katika kumbi zenye mashine za sarafu kama zile zilizoenea Marekani na Japani tangu miaka ya 1970. Aliikuta kwenye vibanda vya mitaani, katika maeneo kama Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited, ambako alilipia muda wake na kukaa mbele ya televisheni ya chogo iliyounganishwa na PlayStation.

Mara nyingi televisheni hiyo iliwekwa juu, ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa na fundi wa jirani, ili isiibwe na ili waliosimama nyuma nao waone. Kizimba hicho kilijibu swali lile lile lililowakabili waliobuni mashine za sarafu: kioo kizito chenye ombwe ndani yake kishikwe vipi ili kisianguke juu ya watoto?

Mashine ya kwanza ya Pong, iliyotengenezwa na kampuni ya Atari mwaka 1972, haikuwa mbali na kibanda cha mtaani. Mhandisi Allan Alcorn alinunua dukani televisheni ya kawaida ya Hitachi, isiyo na rangi, akaifunga ndani ya kabati la mbao. Biashara ilipokua, watengenezaji waliachana na televisheni kamili na kutumia monita zisizo na ganda la nje, zilizotolewa na viwanda kama Wells-Gardner cha Marekani na Electrohome cha Kanada.

Monita ya namna hiyo haishikwi kwa ganda, kwa kuwa halina ganda. Tyubu yake ya picha imezungushiwa mkanda wa chuma uliokazwa kwa nguvu karibu na uso wa kioo. Mkanda huo una kazi mbili. Kwanza, hukibana kioo ili kikipasuka vipande visiruke kwa kishindo. Pili, hubeba masikio manne ya chuma, moja katika kila pembe, na kila sikio lina tundu la bolti.

Masikio hayo hufungwa kwenye fremu ya chuma, nayo fremu hukaa juu ya vyuma vya pembe vilivyokazwa kwenye kuta mbili za kabati. Monita ya inchi 19 pamoja na fremu yake hukaribia kilo 20, na uzito huo wote hupitia katika masikio manne. Shingo nyembamba iliyo nyuma ya tyubu haipaswi kubeba chochote, kwani ikivunjika hewa huingia na tyubu huwa imekufa.

Makabati mengi ya zamani hayakutegemea skrubu za mbao peke yake. Yalitumia bolti zinazopenya ukuta mzima, zenye kichwa laini cha mviringo kwa nje na shingo ya pembe nne inayong'ata mbao ili bolti isizunguke nati inapokazwa kwa ndani. Tofauti hiyo ni kubwa hasa pale kabati lilipotengenezwa kwa mbao za unga uliogandamizwa. Mbao hizo zikinyonya unyevu huvimba na kulegea, na skrubu huchomoka. Katika mji ulio chini ya Mlima Meru, wenye mvua za masika za Machi hadi Mei, hilo si jambo la kupuuzwa.

Namna ya kufunga hutegemea pia mchezo wenyewe. Pac-Man wa mwaka 1980 na Donkey Kong wa mwaka 1981 huchezwa kwenye skrini iliyosimamishwa wima, ndefu kuliko upana wake. Michezo mingine huhitaji skrini iliyolala. Katika kabati la kusimama la Space Invaders, mchezo uliotolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978, monita haimtazami mchezaji kabisa. Imelazwa chini ikitazama juu, na picha yake humfikia kupitia kioo kinachoiakisi.

Kugeuza monita ya rangi kuna gharama yake. Usumaku wa dunia na wa vyuma vya jirani huweza kuvuruga rangi, pakatokea mabaka ya kijani au zambarau pembezoni. Waya uliozungushwa kwenye tyubu huondoa usumaku huo monita inapowashwa, lakini iwapo fundi ameongeza chuma chenye usumaku mkali karibu na kioo, mabaka hayo hurudi.

Hatari kubwa zaidi humngoja anayeifungua. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa umeme unaozidi volti 20,000, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi huumaliza umeme huo kwanza. Kisha huangalia waya ulioshikana na upande wa nyuma wa tyubu na kuunganishwa na fremu, ambao ni lazima urudishwe mahali pake. Aidha, uzito mwingi wa tyubu uko mbele, penye kioo kinene, hivyo bolti zikiachia mzigo huelekea kudondoka kifudifudi. Kazi hiyo huhitaji watu wawili.

Matangazo ya analojia yalizimwa Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi 2013, lakini televisheni za chogo hazikufa siku ile, kwa sababu ving'amuzi viliziongezea maisha. Kilichoziondoa ni skrini bapa. Skrini hizi zina matundu manne mgongoni, kwa kipimo kinachojulikana kama VESA, na kwa zile ndogo matundu hayo huachana kwa milimita 75 au 100. Anayetaka kuifunga ndani ya kabati la zamani hana haja ya kukata mbao. Bamba la chuma lililotobolewa kwa kipimo hicho, likafungwa kwenye vyuma vya pembe vile vile vya awali, linatosha. Siku ikipatikana tyubu nzima, kabati litarudi lilivyokuwa.

Kwa vibanda na nyumba ambazo bado zina televisheni ya chogo juu ya rafu, kuna kumbukumbu ya karibu. Julai 17, 2007, tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6, lililotokea eneo la Gelai karibu na Ziwa Natron, liliitikisa Arusha na kusikika hadi Nairobi. Ardhi ya ukanda huu wa Bonde la Ufa haijatulia tangu hapo.

Kizimba kilichofungwa kwa bolti zinazopenya ukuta, chenye mkono wa chuma unaozuia televisheni kuteleza mbele, hakihitaji mtambo wowote kutoka nje. Fundi wa kuchomelea wa Arusha anaweza kukitengeneza, mradi aagizwe kupima uzito wa kioo kwanza, na wizi baadaye.