Plagi kuingia siyo kukubaliana: historia fupi ya pawa saplai na madabodi

Wiki hii zamu ni yangu. Mlisema historia zetu zimekuwa za vita tu, mtu aandike basi ya kitu kingine. Mimi nimechagua historia ya plagi. Msicheke, someni mpaka mwisho.

Wengi mnajua kompyuta yetu ya kuediti video iliungua mwaka jana. Wachache ndo wanajua kwa nini. Tulikuwa tumerekodi wazee kumi na mmoja wakisimulia njia waliyopita kutoka nyumbani mpaka huku. Mmoja wao alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na sauti yake ilikuwa kwenye diski ile tu. Kompyuta ilikuwa mtumba wa ofisi, tuliinunua kwa pesa za kupiga video za harusi. Ilikuwa nzito sana: video ya dakika ishirini inakula usiku mzima. Tukachanga tena, tukanunua kadi ya grafiksi. Kadi ikataka waya wake wa umeme wa pini 6, na pawa saplai ya zamani haina. Haya, tukashuka Mbarara kununua pawa saplai kubwa. Kurudi, kufungua boksi, tunaona plagi yake ina pini 24. Madabodi yetu, yaani lile bao kubwa ambalo vyote vinapachikwa, ina tundu dogo la pini 6.

Mwenzetu akasema, "Tukate nyaya, tuunge rangi kwa rangi." Dada yetu anayeshughulika na sauti akasema neno moja tu: "Toeni diski kwanza." Tukaitoa. Tukaunga, tukawasha, moshi. Madabodi ikafa palepale.

Toka siku hiyo nikawa najiuliza: kwa nini plagi zingine zinafanana dunia nzima na zingine hazifanani? Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo iliyoitwa PC. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5 tu, karibu na balbu moja ya zamani. IBM ilichapisha kitabu kinachoonyesha michoro ya ndani ya mashine. Kwa hiyo makampuni mengine yaliweza kutengeneza vifaa vinavyoingiliana nayo. Mwaka 1984 ikaja PC AT, yenye wati 192, na umbo lake likaigwa na wengi. Ila ilikuwa na hatari moja. Umeme uliingia kwenye madabodi kwa plagi mbili zinazofanana, P8 na P9. Ukizibadilishana, umeunguza. Mafundi wa wakati ule walikuwa na kanuni ya kukariri: nyaya nyeusi zikutane katikati. Usalama wa mashine ulikuwa kwenye kichwa cha fundi, siyo kwenye plagi yenyewe.

Mwaka 1995 Intel ikatoa makubaliano mapya yanayoitwa ATX. Hapo plagi ikawa moja, ya pini 20, na umbo lake halikubali kuingia kinyume. Vipimo vya bao vikawekwa, mashimo ya skrubu yakawekwa, hata rangi za nyaya: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni ya kurudishia. Makubaliano yalikuwa wazi, kiwanda chochote kingeweza kuyafuata. Ndiyo maana leo unaweza kuchukua pawa saplai ya kampuni moja na madabodi ya kampuni nyingine, vikafanya kazi bila shida.

Makubaliano yenyewe nayo yaliendelea kukua. Zamani prosesa ilikula zaidi umeme wa volti 5. Mwaka 2000 ilipotoka Pentium 4, mzigo ukahamia kwenye volti 12, ikaongezwa plagi ndogo ya pini 4 karibu na prosesa. Mwaka 2003 plagi kubwa ikatoka pini 20 ikawa 24, kwa sababu kadi za grafiksi zilianza kula zaidi. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 basi. Kadi ikitaka zaidi, inaletewa waya wake: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150.

Sasa shida yetu ilitoka wapi? Makampuni yanayouza kompyuta nyingi za ofisi hayalazimiki kufuata ATX. Baadhi yao yalitengeneza pawa saplai zinazotoa volti 12 peke yake, na plagi zao wenyewe, za pini 6 au 10. Kiufundi siyo ujinga, zinapoteza umeme kidogo zaidi. Lakini mwenye ofisi akichoka nayo, ile kompyuta inakuja kwetu kama mtumba, na sisi ndo tunabaki na plagi isiyo na ndugu sokoni. Na "rangi kwa rangi" yetu haikuwa na maana yoyote. Rangi zile ni ahadi ya ATX. Mtu ambaye hakuweka ahadi hawezi kukudai wala kukulipa.

Tena hata kuingia siyo kukubaliana. Chukua soketi ya Intel inayoitwa LGA 1151. Prosesa za kizazi cha sita zilitoka nayo mwaka 2015. Mwaka 2017 zikatoka za kizazi cha nane, jina la soketi ni lilelile, pini idadi ileile. Ukiiweka kwenye madabodi ya 2015 inakaa vizuri kabisa, na haiwaki, maana inadai madabodi ya kundi jipya. Muuzaji atakwambia "soketi ni moja" na hajadanganya. Wewe ndo umepoteza pesa.

Kwa hiyo tulipochanga mara ya pili, hatukuanza na bei, tulianza na maswali. Nawaachia hapa.

Kwanza, madabodi ina tundu la pini 24, na lile la prosesa la pini 4 au 8? Kama hapana, iacheni, hata ikiwa rahisi. Pili, prosesa na madabodi ni za kundi moja? Tafuta jina la madabodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome orodha ya prosesa inazokubali. Tatu, kondensa zake, vile vikopo vidogo, vimevimba kichwani? Miaka ya mwanzo ya 2000 bao nyingi duniani zilikufa kwa kondensa mbovu, na mtumba wowote unaweza kuwa na vilivyochoka. Nne, pawa saplai ina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230? Huku umeme ni volti 240. Ikiwa kwenye 115, ukichomeka tu imekwisha.

Tano, na hapa wengi tunaibiwa: usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Soma mstari wa volti 12. Zidisha ampea kwa 12. Ikisema ampea 20, una wati 240 za kazi, hata kama boksi linasema 500. Ikisema 36, una 432. Yetu tulihesabu hivi: prosesa wati 65, kadi 120, diski na feni na mengine kama 50. Jumla 235. Kuediti siyo kama kuandika barua, mashine inabeba mzigo kamili kwa masaa. Tukaacha nafasi, tukachukua ya 450 ya ukweli.

Ile prosesa ya zamani ilipona, tukaipatia madabodi ya kundi lake. Diski tukairudisha. Video ya yule mzee ilitoka kwa chini ya saa moja, na mama, mke wake, aliiangalia mara mbili bila kusema kitu, halafu akaomba tumwekee kwenye simu.

Sisi watu wa kambini tunanunua vitu ambavyo wengine wamemaliza kuvitumia. Siyo aibu. Lakini tujue kila plagi ilitoka kwenye makubaliano gani, maana hasara ikitokea, hatuna nyingine ya kununua kesho. Na kabla ya kushika bisibisi, kumbukeni neno la dada yetu: toeni diski kwanza.

Mwenye swali au mwenye kusahihisha, karibu. Wiki ijayo zamu ya mwingine.