Waziri Aliyewajibika

Julius Nyerere aliwafundisha Watanzania kusoma, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walishinda kwenye foleni wakisubiri sukari na sabuni. Benjamin Mkapa alikusanya kodi; Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996, na mwaka 2001 ada ya shule za msingi ikafutwa.

Katikati ya marais hao wawili yupo Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, aliyelegeza biashara hadi maduka yakajaa bidhaa. Hata hivyo, sifa yake kubwa zaidi aliipata kabla ya kuingia Ikulu. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga.

Yeye mwenyewe hakumgusa mtu.

Mawaziri waliofuata mfano huo ni wachache mno.