Mkojo wa watoto wa Dar ulioitikisa nadharia ya Canberra

Agosti 2026 inatimia miaka 30 tangu jarida la kisayansi la Marekani, Journal of Experimental Medicine, lichapishe, mwaka 1996, matokeo ya utafiti wa watoto 191 wa Kitanzania, wagonjwa na wazima. Wanaochimba siri za malaria kali bado wanaunukuu. Hapa Dar es Salaam, mji uliotoa damu na mkojo wa utafiti wenyewe, sijaona tangazo la kongamano wala kusikia hata kipindi kimoja cha redio.

Lililokuwa likigombewa ni swali linalowakosesha usingizi wazazi wengi wa Pwani: malaria ikipanda kichwani, ni nini hasa kinachomzimisha mtoto? Jana alikuwa na homa tu. Leo macho yamegeuka juu, meno yameumana, mikono inarukaruka, na baada ya hapo haitiki hata akiitwa jina lake. Mwaka huohuo wa 1996 watafiti wengine walichapisha habari za degedege wilayani Bagamoyo. Walikuta watoto wakifukizwa moshi wa mavi ya tembo kabla ya kufikishwa hospitali. Wazazi wengi wa enzi hizo waliamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Tusiwacheke. Madaktari nao walikuwa hawajakubaliana ugonjwa unafanya nini ndani ya kichwa.

Maelezo ya kwanza yalitoka Roma mwishoni mwa karne ya 19, pale Marchiafava na Bignami walipopasua maiti na kukuta mishipa midogo ya ubongo imesheheni chembe nyekundu za damu zenye vimelea. Mishipa imeziba, basi, ubongo unakosa hewa. Baadaye wengine wakasema ubongo unavimba, wagonjwa wakapewa deksamethasoni kupunguza uvimbe. Mwaka 1982 jaribio la Thailand likaonyesha kuwa dawa hiyo haikuokoa mtu, tena iliwarefushia wagonjwa muda wa kuzimia.

Mwaka 1991 akaingia Ian Clark wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Yeye na wenzake, Rockett na Cowden, walikuja na hoja tamu kweli. Walisema kama mishipa ya ubongo ingekuwa imeziba kabisa, ubongo ungeharibika ndani ya dakika chache. Mbona basi watoto wengi huzimia siku mbili, kisha huamka na kuomba uji? Kinachowazimisha, wakasema, lazima kiwe kitu kinachokuja na kuondoka, kama nusukaputi. Wakakitaja: naitriki oksaidi, gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Vimelea vikipasua chembe za damu, kinga ya mwili hupandwa na hasira na kumwaga kemikali za uvimbe. Kemikali hizo huzichochea kuta za mishipa zitoe gesi hiyo kupita kiasi, nayo huingia ubongoni na kuvuruga mawasiliano ya neva.

Wakati ule naitriki oksaidi ndiyo iliyokuwa nyota wa sayansi. Miaka michache baadaye, mwaka 1998, Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi yake katika mishipa ya damu. Nadharia ya Clark ilipata wafuasi upesi, na ilikuwa na jambo zito nyuma yake: kama gesi imezidi, tiba ni kuizuia isitengenezwe.

Ndipo linapoingia jina la Muhimbili, hospitali ya hapa Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1990 daktari Mwaustralia, Nicholas Anstey, aliungana na Brice Weinberg na Donald Granger, ambao maabara yao ilikuwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Upande wa hapa alikuwapo Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa watoto, anayetambulika kama mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Lengo lao lilikuwa kupima kama kweli watoto wanaozimia kwa malaria wana naitriki oksaidi nyingi.

Kuisema ni rahisi kuliko kuifanya. Gesi hii haidumu. Ndani ya sekunde imeshageuka kuwa naitraiti na naitreti, kwa hiyo kinachopimwa ni mabaki yake katika damu na mkojo. Na hapo ndipo pana mtego. Naitreti haitoki kwenye gesi hiyo peke yake, iko pia kwenye chakula. Mboga za majani, mchicha ukiwemo, zimejaa naitreti. Mtoto aliyekula ugali na mchicha jana jioni anaweza kuonekana mwili wake unatengeneza gesi kwa wingi, kumbe ni mboga. Mtego wa pili ni figo. Malaria kali huziyumbisha figo, nazo zikilegea mabaki yale hayatoki na mkojo, yanarundikana kwenye damu. Anayepima damu peke yake atasema gesi imezidi, kumbe njia ya kutokea ndiyo iliyoziba.

Timu ya Dar es Salaam ilizingatia yote mawili. Walipima damu, wakapima mkojo, wakaangalia hali ya figo, wakajiridhisha kwamba tofauti waliyoiona haikuletwa na chakula. Kisha wakaingia ndani zaidi: wakatafuta kwenye chembe nyeupe za damu kimeng'enya chenyewe kinachotengeneza gesi hiyo.

Majibu yalikuja kinyumenyume. Watoto waliokuwa na vimelea lakini hawaumwi, wale wanaokimbizana uani huku malaria imo damuni, ndio waliokuwa na naitriki oksaidi nyingi kuliko wote. Kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo gesi ilivyopungua. Waliokufa kwa malaria ya ubongo walikuwa na kiasi kidogo kuliko wote, na kwenye chembe za watoto wa malaria ya ubongo waliopimwa kile kimeng'enya hakikuonekana, isipokuwa kwa mmoja tu. Kwa maneno mengine, gesi iliyokuwa ikishtakiwa kwa kuwazimisha watoto ilielekea kuwa mlinzi wao. Hupanua mishipa, na huzuia kuta zake zisinatwe na chembe zenye vimelea. Dawa ya kuizuia ingeweza kuwamaliza.

Uzuri wa kisa ni kwamba mwaka huohuo, 1996, ilitoka pia makala ya watoto wa Papua New Guinea, Clark akiwa mmoja wa waandishi. Yao ilisema mabaki ya gesi damuni yanapanda kadiri mtoto anavyozama katika usingizi wa kuzimia. Ugonjwa mmoja, mwaka mmoja, majibu mawili yanayopingana uso kwa uso. Upande wa Dar ulielekeza kidole kwenye figo na chakula. Upande wa Canberra ulijibu kwamba kilichomo kwenye damu na mkojo si lazima kifanane na kinachotokea ndani ya ubongo. Hoja hiyo ya pili haikuwa ya kijinga, lakini kwa maoni yangu aliyepima mengi zaidi ndiye aliyestahili kusikilizwa zaidi.

Mwaka 2003 timu ileile, Mwaikambo akiwemo, ilirudi na makala katika jarida la The Lancet. Watoto wa Dar es Salaam wenye malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa arginini, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza naitriki oksaidi. Chembe nyekundu zinapopasuka humwaga kimeng'enya kinachoivunja arginini, na himoglobini iliyotoka nje ya chembe huifyonza gesi kidogo iliyobaki. Arginini imo tele kwenye karanga, lakini mtoto aliyezimia hatafuniwi karanga.

Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, nao walikuwa wakiyachunguza maji ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na ubongo. Mwaka 2000 walionyesha kuwa asidi ya kwinolini, kemikali inayozisisimua neva kupita kiasi, ilipanda kwa ngazi: waliopona vizuri walikuwa na kidogo, waliobaki na ulemavu walikuwa na zaidi, waliokufa ndio walioongoza.

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia. Mwaka 2010 utafiti mkubwa wa Afrika, Muheza na Korogwe zikiwemo, ulithibitisha kuwa sindano ya artesunate inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Mwaka 2015 Jinja na Mbarara nchini Uganda walijaribu kuwavutisha watoto wagonjwa gesi yenyewe ya naitriki oksaidi, na haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Mwaka huohuo picha za MRI kutoka Blantyre, Malawi, zilionyesha kuwa wengi wa waliokufa walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Uganda pia ndiko ilikopimwa hasara ya baadaye: takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika na malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa akili au kumbukumbu miaka miwili baadaye. Dawa ya kuulinda ubongo wenyewe haijapatikana. Kinachotolewa wodini ni artesunate, sukari ya dripu na dawa ya kukata degedege.

Kinachoniudhi ni kwamba matokeo ya watoto hawa yamebaki kwa Kiingereza, ndani ya majarida ambayo muuguzi wa zahanati hayaoni. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Wizara ya Afya wana muda hadi Agosti. Wazifupishe makala zile mbili, ya 1996 na ya 2003, kwa Kiswahili cha kurasa mbili, wazibandike kliniki za watoto za Amana, Temeke na Mwananyamala, na juu kabisa waandike jina la Profesa Esther Mwaikambo.